Nani Hasa Alisema? Jibu kwa Mlezi wa Klabu ya Mdahalo

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja mkoani Tabora na ndiye mlezi wa klabu ya mdahalo. Kwenye mashindano ya juzi, binti yetu mmoja wa kidato cha tano alinukuu maneno haya: "Marekani nayo ni nchi ya chama kimoja, ila kwa ubadhirifu wao wa kawaida wameamua kuwa navyo viwili." Akasema ni ya Mwalimu Nyerere. Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Jaji mmoja akamuuliza yalisemwa wapi na lini. Binti akanyamaza, akakatwa alama, akarudi bwenini analia. Upande wa pili walikuwa wamemnukuu Churchill, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, ile ya sumu kwenye kahawa, na hakuna aliyewauliza kitu. Je, maneno yale ni ya Mwalimu? Na nitawafundishaje wanangu kujua nani alisema nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na binti, kwa kuwa ndiye aliyeumia. Mwambie jaji hakumwonea kwa kumuuliza swali lile. Alimwonea kwa kutowauliza wenzake swali hilohilo, maana nukuu yao ilikuwa na kasoro kubwa kuliko yake, na nitaionyesha hapa chini.

Sasa kauli yenyewe. Nimehakiki nukuu kwa miaka mingi, kwanza katika chumba cha habari, baadaye kwenye miswada ya vitabu vya shule, na hii ya vyama viwili imepita mezani kwangu mara nyingi kuliko nyingine yoyote inayobeba jina la Mwalimu. Kila inapokuja huja vilevile: picha yake ameshika kifimbo, maneno chini yake, basi. Haitaji hotuba, haitaji mwaka, haimtaji aliyekuwepo akasikia. Tena huja katika Kiswahili cha kila namna. Mmoja ameandika "ubadhirifu", mwingine "anasa", mwingine "kupenda makuu". Kitu alichokisema Mwalimu kwa Kiswahili watu hukirudia kwa maneno yanayokaribiana sana, kwa sababu waliisikiliza redio moja. Ukiona maneno yanatofautiana kiasi hiki, jua kila mtu ametafsiri kivyake kutoka Kiingereza, na Kiingereza hicho chenyewe kinazunguka bila anwani. Mimi simpi Mwalimu kauli hii, na ningekushauri nawe usimpe.

Wazo lililomo ndani yake lina wenyewe wanaojulikana. W. E. B. Du Bois, msomi Mwafrika wa Marekani, aliandika katika jarida la The Nation mwezi Oktoba 1956 kueleza kwa nini hangepiga kura mwaka ule: kwamba nchini mwake kuna chama kimoja tu kiovu chenye majina mawili. Karibu miaka 20 baadaye, mwandishi Gore Vidal alisema Marekani ina chama kimoja, Chama cha Wenye Mali, nacho kina mabawa mawili, yote ya kulia. Kwa hiyo binti angeweza kumtaja Du Bois, akataja jarida na mwezi, na hoja yake ingesimama.

Lakini alimtaka Mwalimu, na hapa naomba ukae nami kidogo. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere aliandika kwa Kiingereza kijitabu kiitwacho *Democracy and the Party System*, kutetea mfumo wa chama kimoja ambao Tanzania iliuingiza rasmi katika sheria mwaka 1965. Humo anasema kwamba nchi ikiwa na vyama viwili ambavyo tofauti zao si za msingi, basi siasa imeshushwa hadi kuwa mechi ya mpira wa miguu. Anaendelea: mechi yaweza kuvutia wachezaji hodari, yaweza pia kuburudisha, lakini inabaki kuwa mchezo tu, na ni mashabiki wakereketwa peke yao (ambao kwa kawaida si wenye akili kuliko wote) wanaouchukulia kwa uzito mkubwa.

Hayo mabano ni ya Mwalimu mwenyewe. Yatazame vizuri. Sindano ya kejeli haikuwekwa mwisho wa sentensi mahali pa kupigiwa makofi. Imefichwa katikati, kana kwamba imempitia akilini tu wakati anaelekea kwenye hoja. Msomaji anacheka wakati sentensi imekwisha endelea. Ukumbuke pia kwamba Dar es Salaam ya mwaka 1963 tayari ilikuwa imegawanyika kati ya Yanga na Sunderland, ambayo tangu 1971 tunaiita Simba. Mwandishi aliwajua mashabiki anaowasema, na wao walijijua. Kauli ile ya ubadhirifu, hata ingekuwa ya kweli, haifiki nusu ya hii kwa uzuri, kwa sababu haina hoja nyuma yake. Ni mzaha uliokatwa shina.

Unaweza kuipinga hoja ya Mwalimu, na wengi wameipinga, hasa tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Lakini unapinga kitu alichokisema.

Tuje kwa Churchill. Kisa kinasimuliwa hivi: Nancy Astor, mwanamke wa kwanza kukaa katika Bunge la Uingereza kama mbunge, anamwambia, "Winston, ningekuwa mkeo ningekutilia sumu kwenye kahawa." Naye anajibu, "Nancy, ningekuwa mumeo ningeinywa." Kisa hicho kinapatikana katika kumbukumbu za Consuelo Vanderbilt, aliyewahi kuolewa na binamu yake Churchill, zilizochapishwa mwaka 1952, na anakiweka katika jumba la Blenheim. Mpaka hapo chaonekana kizuri: yupo shahidi, tena wa karibu na familia. Tatizo ni kwamba mzaha huohuo ulikuwa umechapishwa katika gazeti la Marekani mwaka 1899, ukiwahusu mwanamke na mwanamume wasio na majina. Mwaka ule Churchill alikuwa mwandishi wa habari za vita kule Afrika Kusini, hajawa hata mbunge, na huyo Nancy alikuwa bado hajaolewa na Astor. Inawezekana kwamba miaka mingi baadaye mmoja wao alilikumbuka jibu la gazetini akalitumia. Kwamba alilitunga Churchill, haiwezekani.

Hapa wanafunzi wako wajifunze kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kusema na kutunga. Mfano ulio wazi kuliko wote ni ule wa Bessie Braddock, mbunge wa Liverpool, mwaka 1946. Alimkuta Churchill akitoka bungeni akamwambia amelewa. Churchill akajibu kwamba Bessie naye ana sura mbaya, na kesho yake mtu mmoja atakuwa amelevuka na mwingine atabaki na sura yake. Ni jibu la kikatili, na binafsi silipendi, lakini mlinzi wake, Ronald Golding, alikuwepo na alilithibitisha. Basi alilisema. Na bado si lake, maana mchekeshaji W. C. Fields alikuwa amelitamka jibu la muundo huohuo kwenye filamu ya mwaka 1934, ila pale mwenzake alikuwa mwendawazimu badala ya kuwa na sura mbaya. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri alilichomoa jibu lililokuwa tayari mfukoni.

Kisha kuna ile ya teksi: "Teksi tupu ilisimama mbele ya nyumba namba 10 Downing Street, mlango ukafunguliwa, akashuka Attlee." Attlee alikuwa kiongozi wa chama cha Leba, mtu mpole asiye na makeke, ndiyo maana mzaha ulimkaa. John Colville, katibu wa Churchill, alimsimulia bosi wake kwamba mjini watu wanasema kauli hiyo ni yake. Churchill hakucheka. Alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba Bwana Attlee ni muungwana aliyeitumikia nchi yake wakati wa shida kubwa, na kwamba yeye asingetamka neno kama hilo juu yake. Wawili hao walikuwa pamoja katika serikali ya vita, Attlee akiwa naibu wake. Mzaha wenyewe ulishasimuliwa karne ya 19 kuhusu Sarah Bernhardt, mwigizaji wa Ufaransa aliyesifika kwa wembamba: gari tupu la farasi lilisimama, akashuka Sarah. Nakisimulia kisa hiki kila nipatapo nafasi, kwa sababu kinaonyesha kwamba kumpachika mtu neno la kuchekesha kwaweza kumvunjia heshima mara mbili, yule anayetukanwa na yule anayeambiwa ametukana.

Mtangazaji wa Uingereza Nigel Rees, aliyeendesha kipindi cha nukuu kwenye redio ya BBC kwa miongo mingi, aliipa hali hii jina: maneno huteleza kuelekea kwa Churchill. Sisi wenye Kiswahili tulikuwa tunaijua tangu utotoni, tena kwa jina la mtu wetu.

Nani hajasimuliwa kisa cha sufuria ya Abunuwasi? Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa. Jirani anafurahi, anakipokea kisufuria. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, harudishi, anasema imekufa. Jirani akilalamika anaulizwa: uliamini kwamba sufuria inazaa, mbona huamini kwamba inakufa? Sasa, Abu Nuwas alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa mshairi mkubwa wa Kiarabu, Baghdad, zama za Harun ar-Rashid aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, na umaarufu wake ulitokana na mashairi ya mvinyo na mapenzi. Ile sufuria Waturuki wanamsimulia Nasreddin Hoja, na Waarabu wana Juha wao. Jirani ni yuleyule na mantiki ni ileile. Jina tu ndilo lililobadilika kila hekaya ilipovuka mpaka au bahari, mpaka ilipofika pwani yetu ikampata mshairi wa Baghdad ikamvika kanzu ya mjanja. Babu alipokusimulia hakukudanganya. Alikupa hekaya kama alivyoipokea. Shida huanza tunapoichukua hekaya tukaiweka kwenye mdahalo kama ushahidi wa historia.

Ushairi wetu nao una somo hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Beti zake nyingi tulizonazo ziliandikwa miongo kadhaa baadaye na Mwingereza W. E. Taylor kwa msaada wa mjuzi wa Mombasa, Mwalimu Sikujua, kutoka vinywani mwa watu waliozihifadhi. Bila kazi ile tungebaki na majina matupu. Lakini fikiria mji mzima wenye watunzi, na mmoja wao ana jina kubwa kuliko wote: ubeti mzuri usio na mwenyewe utakimbilia kwa nani? Aliye nacho huongezewa.

Sasa nikupe kauli itakayokufikia tu, kama haijakufikia tayari. "Wamisionari walipokuja Afrika, wao walikuwa na Biblia na sisi tulikuwa na ardhi. Wakasema, tufumbe macho tuombe. Tulipofumbua, sisi tulikuwa na Biblia na wao wana ardhi." Ukiwa Kenya utaambiwa ni ya Jomo Kenyatta. Ukiwa Afrika Kusini utaambiwa ni ya Askofu Desmond Tutu. Kuhusu Tutu, hakuna ubishi kwamba aliisimulia, tena mara nyingi na kwa raha zake. Alikuwa msimuliaji wa ajabu, na askofu mweusi kuisimulia kanisani mbele ya wazungu kulikuwa na uzito wake. Lakini Vine Deloria, Mhindi Mwekundu wa kabila la Sioux huko Marekani, aliiandika mwaka 1969 kuhusu watu wake: wamisionari walipofika walikuwa na Kitabu tu nasi tuna ardhi, sasa sisi tuna Kitabu nao wana ardhi. Hata yeye hakudai ni yake. Aliandika kwamba "imesemwa".

Neno hilo dogo, "imesemwa", ndilo uaminifu wenyewe. Kauli hii ilizaliwa na watu wengi walionyang'anywa kitu kimoja kwa njia moja. Kuitafutia baba mmoja ni kuipunguza.

Na kama mwanafunzi wako anataka kejeli ya Kenyatta kuhusu ardhi, ipo, na ni kali. Iko katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, kilichotokana na masomo yake ya anthropolojia London chini ya Malinowski. Anasimulia ngano ya mtu aliyekuwa na kibanda mwituni. Mvua ikanyesha, tembo akaomba aingize mkonga tu. Mkonga ukaingia, kisha kichwa, kisha mwili mzima, na mwenye nyumba akajikuta nje mvuani, akiambiwa kwamba ngozi yake ni ngumu kuliko ya tembo, basi anaweza kuvumilia mvua. Simba, mfalme, anaunda tume ya uchunguzi, na wajumbe wote ni wanyama. Mtu anauliza mbona upande wake hauna mjumbe. Anajibiwa kwamba hakuna wa kwao mwenye elimu ya kutosha kuielewa sheria ya mwitu. Tume inampa tembo kibanda. Mtu anajenga kingine, anakichukua kifaru, tume inakaa tena. Vinaendelea hivyo hadi mtu anajenga nyumba kubwa ya kuwatosha wote, wanyama wanajazana humo, wanaanza kugombana nani akae wapi, naye anaitia moto. Kisha anarudi kwake akisema kwamba amani ni ghali, lakini yafaa gharama yake.

Mwaka 1938! Miaka michache tu kabla yake serikali ya kikoloni ilikuwa imeunda tume yake ya ardhi ya Kenya, na kila aliyeisoma ngano ile alijua wale wanyama ni akina nani. Nimewasomea wanafunzi ngano hiyo madarasani, na kila mara hufika mahali, mara nyingi pale kwenye orodha ya wajumbe, darasa likacheka kisha likanyamaza ghafla. Kauli ya Biblia na ardhi haijawahi kulifanyia darasa hivyo, maana wote wameshaisikia.

Nimesema jina kubwa huvuta. Upande wa pili wa jambo hilo unaniuma zaidi: jina dogo hupoteza. Umesikia mara ngapi kwamba "methali ya Kiafrika" inasema mzee akifa ni maktaba imeungua? Hiyo si methali. Ina mwenyewe, Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyelisimamia wazo hilo mbele ya UNESCO mwaka 1960 akiomba masimulizi ya wazee yarekodiwe kabla hawajafa. Alilisema kama ombi la dharura, na kazi yake yote ya maisha ilikuwa kukusanya masimulizi hayo. Kisha dunia ikalipenda neno lake, ikamfuta yeye, ikaandika "Afrika". Churchill hupewa vichekesho vya watu wasiojulikana, na Mwafrika anayejulikana hunyang'anywa neno lake likapewa bara zima. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa, ndama huandikwa kwa jirani.

Wanawake nao wanalijua hili. Ile kauli maarufu ya Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa, kwamba sikubaliani na unachosema lakini nitakufa nikitetea haki yako ya kukisema, Voltaire hakuiandika. Iliandikwa na Evelyn Beatrice Hall, Mwingereza, katika kitabu cha mwaka 1906 alichokitoa kwa jina la bandia, akieleza kwa ufupi msimamo wa Voltaire. Na ile isemayo kwamba wanawake wenye adabu ni nadra kuingia katika historia, ambayo siku hizi inawekwa chini ya picha ya Marilyn Monroe, iliandikwa na mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich mwaka 1976 katika makala ya kitaaluma, akiwatetea wanawake wa kawaida waliosahauliwa. Naye akasahauliwa.

Wakati mwingine mwenyewe ni wa kweli ila mdomo wa watu umelipiga neno msasa. Mei 1897 Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alikuwa London, na gazeti moja la New York likamtuma mwandishi wake kuulizia kama ni mgonjwa au amekufa. Aliandika kwa mkono wake kwamba aliyeugua ni binamu yake, kwamba habari za ugonjwa zilitokana na huyo, na "taarifa ya kifo changu ilikuwa ni kutia chumvi". Leo watu husema "zimetiwa chumvi kupita kiasi". Hilo "kupita kiasi" limeongezwa na wapokeaji. Twain huyohuyo alimpa Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza, ile kauli ya aina tatu za uongo: uongo, uongo mkubwa, na takwimu. Katika hotuba na maandishi ya Disraeli haimo. Kumbe hata mkali wa maneno anaweza kumpachika mwenzake.

Kwa wanao sasa. Wakiikuta kauli tamu, waiulize maswali ya yule jaji: wapi, lini, na nani alikuwepo. Lini ndilo linaloangusha nyingi. Malkia Maria Antonieta wa Ufaransa anadaiwa kusema wananchi wasio na mkate wale keki. Mwanafalsafa Rousseau aliandika kisa hicho, akikihusisha na binti wa kifalme asiyemtaja jina, mnamo miaka ya 1760, wakati Maria Antonieta alikuwa bado mtoto huko Austria. Alifika Ufaransa kuolewa mwaka 1770. Einstein anadaiwa kusema wendawazimu ni kufanya jambo lilelile ukitegemea matokeo tofauti, na sijui kama kuna semina ya ujasiriamali Afrika Mashariki iliyowahi kumalizika bila neno hilo. Einstein alifariki mwaka 1955. Kauli hiyo ilianza kuonekana kwenye maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwa vikundi vya watu waliokuwa wakijinasua na ulevi na dawa za kulevya. Na maana yake inaeleweka vizuri zaidi ukijua ilitoka kwao, watu waliolipia kila neno lililomo.

Kitabu cha nukuu kikikupa jina tu bila chanzo, kitendee kama picha ya WhatsApp. Kwa wanasiasa wetu, taarifa rasmi za Bunge, ile Hansard, zipo mtandaoni kwa Tanzania na kwa Kenya, na zinaandika hata kelele na makofi. Kwa Mwalimu Nyerere tuna bahati ambayo mataifa mengi hayana, sauti yake. Nina kaseti za hotuba zake nilizozirekodi redioni. Mkanda ukilegea nauzungusha kwa kalamu ya Bic kama tulivyozoea. Kuna ile ya Novemba 1978 ya kumpiga Amin, ambayo kila mtu anaikumbuka kwa maneno matatu, uwezo, sababu na nia, na kila mtu ana mpangilio wake anaoapa kuwa ndio wenyewe. Pale nyumbani ubishi huo haumalizwi na mwenye umri mkubwa wala mwenye sauti kubwa. Tunabonyeza kitufe. Ipo pia sehemu ile ya baada ya kustaafu alipofananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu, kwamba ukishaionja huachi. Kwenye simu unaletewa sentensi moja. Kwenye kanda unasikia anavyopanda ngazi taratibu: leo utasema sisi Wazanzibari, wao Watanganyika, kesho utagundua kuna Waunguja na Wapemba. Unasikia ukumbi unacheka mwanzoni, kisha kicheko kinapungua. Wapeleke wanafunzi wako wakaisikilize yote.

Na kwa kauli zilizosemwa kwa Kiingereza, waseme wazi kwamba tafsiri ni yao. Jaji anayejua kazi atawaheshimu kwa hilo, na asiyejua atajifunza.

Kwa binti, kabla ya mashindano yajayo, mpe kipande cha kadi ngumu. Upande wa mbele aandike ile sentensi ya siasa iliyogeuka mechi ya mpira, pamoja na mashabiki wakereketwa na mabano yao. Upande wa nyuma aandike: *Julius K. Nyerere, Democracy and the Party System, Dar es Salaam, 1963. Tafsiri ni yangu.* Aisome mbele ya ukumbi kwa utulivu, asikimbilie kicheko, maana kitakuja chenyewe pale kwenye mabano. Jaji akiuliza wapi na lini, aigeuze kadi.